Chai ya sindano za msonobari: maji yanachota nini hasa?

Ukiuliza habari za chai ya msonobari, majibu mawili yatakujia kwa mpigo. La kwanza litakuambia kikombe kimoja kina vitamini C mara tano ya juisi ya chungwa. La pili litakuambia usithubutu, majani yale ni sumu. Yote mawili yana chembe ya ukweli, na yote mawili yamevutwa hadi yakapita mpaka. Mambo yalivyo ni hivi: kikombe cha chai hii kina vitamini C kidogo sana, na kidogo hichohicho kimewahi kuwainua watu waliokuwa wamelala wakingoja kufa. Ili kuona jinsi mawili hayo yanavyokaa pamoja, inabidi tuanze na mti wenyewe.

Kwanza uujue mti

Msonobari halisi ni mti wa jenasi ya Pinus, yenye spishi zaidi ya 100. Alama yake ya kuaminika iko kwenye sindano, yaani yale majani yake membamba marefu. Shika kitawi ukitazame pale sindano zinapochomoza. Hazitoki mojamoja, hutoka kwa vifungu, na kila kifungu kimebanwa chini na kiala kikavu cha rangi ya kahawia. Pinus sylvestris ina sindano mbili kwa kifungu, Pinus patula kwa kawaida tatu, Pinus strobus tano (na kwenye hiyo yenye sindano tano kiala hudondoka mapema, kwa hiyo usikitegemee peke yake). Chomoa kifungu kimoja, kisha uzibane sindano zake pamoja kwa vidole: zitashikana ubavu kwa ubavu na kuunda kijiti kimoja cha mviringo, kwa sababu kila sindano ni kipande cha duara. Mti mwingine hauna mpangilio huo.

Miti ya jenasi za Picea na Abies, ambayo watu wengi huiita misonobari tu, ina sindano zinazoota mojamoja. Ya Picea ina pembe nne na huviringika ukiisokota kati ya vidole. Ya Abies ni bapa na haiviringiki. Hizo nazo hutengenezewa chai, na karibu kila nitakachoeleza hapa kinazihusu. Mvinje, kwa upande wake, si msonobari hata kidogo, ijapokuwa kwa mbali unafanana nao. Kile kinachoonekana kuwa sindano ya mvinje ni kitawi chembamba chenye vifundo: ukikivuta kinakatika kwenye kifundo, na hapo utaona duara la vijijani vidogo mno vyenye umbo la meno. Kwa kazi yetu hautufai.

Anayetisha kweli ni Taxus. Sindano zake ni bapa, laini, za kijani iliyokolea, zimepangwa mojamoja pande mbili za kitawi, na mti hautoi koni ngumu bali vijitunda vyekundu vyenye mbegu moja ndani. Majani na mbegu zake zina sumu inayoitwa taksini, ambayo huvuruga mapigo ya moyo na imeua watu na mifugo. (Mti huohuo una upande mwingine: dawa ya saratani iitwayo paclitaxel ilipatikana kwanza kwenye gamba la Taxus brevifolia.) Anayesema chai ya sindano ni sumu mara nyingi amesikia habari za mti huu. Mitarakwa, saipresi na jamaa zao, wenye vijani vilivyolaliana badala ya sindano, waache pia. Baadhi yao, kama Thuja, wana tujoni, kemikali inayodhuru mishipa ya fahamu ikizidi.

Kanuni ya kuchuma ni fupi. Usipoweza kuonyesha kifungu na kiala chake kwa kidole, usichume. Na hata ukiwa na hakika na mti, epuka ule ulio kando ya barabara yenye magari mengi au uliopuliziwa dawa. Sindano zimefunikwa nta, na nta hunasa moshi na masizi kwa muda mrefu. Ndiyo maana watafiti wa uchafuzi wa hewa huzitumia sindano za msonobari kupima kilichokuwa angani. Kuosha kwa maji hakuondoi kilichozama ndani ya nta.

Ndani ya sindano, na ndani ya sufuria

Nta hiyohiyo ndiyo inayoeleza kwa nini jaribio la kwanza la watu wengi hutoa maji ya moto yasiyo na ladha. Sindano nzima ni chupa iliyofungwa kizibo. Ngozi yake ni ngumu, imepakwa nta, na imeundwa mahususi isipitishe maji. Mafuta yenye harufu yamo ndani ya vijifereji vya ulimbo vinavyopita kwa urefu, kutoka chini hadi nchani. Ukitumbukiza sindano nzima, maji hayana pa kuingilia. Ukiikata vipande vya nusu sentimita, kila mkato unafungua vijifereji hivyo pande zote mbili. Utajua vimefunguka kwa kisu chako: kitaanza kunata. Kipanguse kwa mafuta ya kupikia kabla ya sabuni, maana ulimbo hauyeyuki majini bali huyeyuka kwenye mafuta au spiriti.

Vilivyomo vya kuchotwa ni vya aina tatu, na kila kimoja kina tabia yake mbele ya moto.

Mafuta mepesi ndiyo yenye harufu. La kwanza kati yake ni pinini, harufu ya ulimbo mbichi. Limonini huleta harufu ya ganda la limau, na bornili asetati ndiyo ile unayoifikiria mtu anaposema "harufu ya msitu". Pinini ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi 155 hivi, na mtu angedhani basi iko salama katika maji yanayochemka kwa nyuzi 100. La hasha. Mvuke wa maji huyabeba mafuta haya na kuondoka nayo muda mrefu kabla ya kufika joto lake la kuchemka. Hivyo ndivyo viwanda vinavyoyakamua. Kwa hiyo jikoni kukinukia vizuri ujue ladha imo hewani na kikombe kimebaki na kidogo. Dawa yake ni kifuniko.

Vya pili ni tanini na jamaa zake, vyenye uchungu na ule ukakasi unaokausha ulimi. Hivi haviruki na mvuke, ila vinatoka polepole, na kadiri unavyochemsha ndivyo vinavyozidi. Chai ya dakika 10 huwa ya kijani hafifu inayoelekea manjano. Ile iliyochemka nusu saa hugeuka kahawia yenye wekundu kwa mbali, nayo inakunja uso.

Cha tatu ni vitamini C. Inayeyuka majini kwa urahisi, na inaharibika kwa urahisi vilevile: joto huichakaza, hewa huichakaza, na shaba au chuma vikiwepo majini huharakisha kazi. Tena kuna kimeng'enya ndani ya jani chenyewe ambacho huanza kuila mara tu jani linapokatwa. Ndiyo sababu ya kukata sindano wakati maji yako tayari, si saa nzima kabla. Maji ya moto sana huua kimeng'enya hicho papo hapo, kwa hiyo moto mkali wa muda mfupi unaihifadhi vitamini kuliko uvuguvugu wa muda mrefu.

Ukiyaweka yote hayo pamoja, mapishi yanajiandika yenyewe. Chagua sindano changa za rangi ya kijani mbichi. Za zamani zina ulimbo mwingi. Ng'oa viala vya chini, vinaongeza uchungu bila faida. Kata gramu 10 hivi, tia kwenye birika au kikombe kizito, mimina mililita 250 za maji yaliyotoka kuchemka, funika, ngoja dakika 10, chuja. Juu ya kikombe utaona vijiduara vya mafuta vinavyong'aa ukikielekeza kwenye mwanga. Usiviondoe, ndiyo harufu yenyewe.

Hakuna haja ya kuniamini. Tengeneza vikombe vitatu kutoka tawi moja, uzito uleule wa sindano na kiasi kilekile cha maji. Cha kwanza kiwe na sindano nzima, kilichofunikwa. Cha pili kiwe na sindano zilizokatwa, nacho kimefunikwa. Cha tatu kiwe na sindano zilizokatwa zilizochemshwa dakika 20 bila kifuniko, kisha uongeze maji ya moto kufidia yaliyopotea. Mwombe mtu mwingine avipange bila kukuambia kipi ni kipi, halafu onja vikiwa na joto sawa. Cha kwanza hutambulika kwa kukosa ladha, cha tatu kwa uchungu wake. Anayependa kuendelea ajaribu cha nne: sindano zilizokatwa katika maji baridi, zikilala usiku kucha kwenye friji. Hicho ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kwa kuwa harufu ya limau inabaki mbele na ukakasi karibu haupo. Jambo moja tu la kuzingatia: badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukibadilisha mti, muda na joto kwa pamoja, utapata kikombe kizuri usichoweza kukirudia.

Hesabu ya vitamini C

Sasa turudi kwenye ile "mara tano ya chungwa". Tatizo la usemi huo ni kwamba unalinganisha vitu viwili visivyolingana. Kiasi cha vitamini C katika sindano hupimwa kwa gramu 100 za sindano mbichi, na hubadilika sana kwa spishi, umri wa sindano na majira. Kwenye nchi zenye baridi kali huelekea kupanda wakati wa baridi. Juisi ya chungwa ina miligramu 50 hivi kwa kila mililita 100. Lakini nani anakula gramu 100 za sindano? Wewe umetia gramu 10.

Tuseme, kwa ukarimu, sindano zako zina miligramu 200 kwa gramu 100. Gramu 10 zina miligramu 20. Maji hayachoti zote, na joto linakula sehemu. Ikibaki nusu, una miligramu 10 katika kikombe chenye mililita 250. Juisi ya chungwa ya ujazo huohuo ina zaidi ya 120. Kwa hiyo chai haiizidi juisi mara tano. Juisi ndiyo inayoizidi chai, tena mara kumi na zaidi. Kuna na kichekesho juu yake: washauri wengi husema ukamulie limau kidogo ili asidi iilinde vitamini C. Ni kweli kwamba asidi huilinda. Ila kijiko kikubwa kimoja cha maji ya limau kinaleta miligramu sita hivi peke yake, kwa hiyo mlinzi anakaribia kuwa mkubwa kuliko anayelindwa.

Hata hivyo, miligramu 10 si za kudharau. Katika majaribio yaliyofanyika Sheffield, Uingereza, miaka ya 1940, watu waliojitolea walinyimwa vitamini C hadi wakapata kiseyeye, ule ugonjwa wa fizi kuvimba, damu kuvuja chini ya ngozi na vidonda vya zamani kufumuka. Kilichowaponya kilikuwa miligramu 10 kwa siku. Afya njema inataka zaidi (Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 45 kwa mtu mzima), lakini kati ya mtu asiyepata kabisa na anayepata 10 kuna umbali wa kaburi na uhai.

Hapo ndipo kisa cha Jacques Cartier kinapoeleweka. Majira ya baridi ya 1535 hadi 1536, meli za nahodha huyo Mfaransa zilinaswa na barafu karibu na kijiji cha Stadacona, mahali ulipo mji wa Québec wa leo, nchini Kanada. Kati ya watu wake 110, 25 walikufa kwa kiseyeye na waliosalia wengi walikuwa hoi. Domagaya, mwenyeji wa pale ambaye naye alikuwa ameugua akapona, aliwaonyesha mti ulioitwa annedda: watwange majani na magamba, wachemshe, wanywe kila baada ya siku moja, na makapi wayabandike kwenye miguu iliyovimba. Mabaharia walisita, wachache wakathubutu, kisha ikawa kugombania. Mti mzima mkubwa uliisha kwa muda wa wiki moja hivi. Watu hawa hawakuwa na chungwa la kulinganisha. Walikuwa na sifuri, na chai ikawatoa kwenye sifuri. Lakini anayetumia kisa hiki kuusifia msonobari aende polepole, kwa maana wanabotania hawajakubaliana annedda ulikuwa mti gani. Thuja na Abies hutajwa mara nyingi kuliko Pinus.

Karne nne baadaye, Leningrad, mji wa Urusi, ulipozingirwa na majeshi ya Ujerumani kati ya 1941 na 1944, wanasayansi wa mji huo walirudia kazi hiyohiyo wakijua wanachokitafuta. Vitamini C ilikuwa imeshatambuliwa. Albert Szent-Györgyi alipata Tuzo ya Nobel ya 1937 kwa kazi iliyoihusu. Kwa hiyo hawakuchemsha matawi ovyo. Waliponda sindano na kuziloweka katika maji yaliyotiwa asidi kidogo, wakawagawia wananchi na askari. Kinywaji kilikuwa kichungu, na hakuna aliyekinywa kwa raha.

Ukitaka kupima kikombe chako mwenyewe, inawezekana. Chemsha kijiko kidogo cha wanga wa mahindi katika kikombe cha maji, acha upoe. Chukua mililita 20 za chai iliyopoa kabisa (ikiwa na joto rangi haishiki), tia matone machache ya maji ya wanga, kisha dondoshea ile iodini ya kusafishia vidonda, tone kwa tone, ukikoroga. Kila tone litatoa rangi ya bluu nyeusi itakayofifia, kwa sababu vitamini C inaimeza iodini. Endelea hadi rangi igome kuondoka, ukihesabu matone. Kisha rudia kwa maji yaliyoyeyushwa kidonge cha vitamini C cha miligramu 500 katika lita moja, ambayo yanakaribiana na juisi ya chungwa. Uwiano wa matone ndio uwiano wa vitamini. Kumbuka kwamba tanini nazo humeza iodini kidogo, kwa hiyo kipimo hiki kinaipendelea chai, na bado itashindwa. Ukimaliza mwaga vyote; hicho si cha kunywa tena.

Madai mengine, na nani asinywe

Tangu 2021 kumeenea dai kwamba sindano za msonobari zina suramini, na kwamba kwa hiyo chai yake huondoa hiki na kile mwilini. Suramini ni dawa iliyotengenezwa maabara na wanakemia wa Bayer mwanzoni mwa karne ya 20 kwa ajili ya malale, na bado inatumika kwa malale katika hatua yake ya mwanzo. Haipatikani katika mmea wowote. Isitoshe hudungwa kwenye mshipa, kwa kuwa ikipitia tumboni mwili hauifyonzi ipasavyo. Madai huchanganya pia na asidi ya shikimi, ambayo kweli imo kwenye sindano na kweli ni malighafi ya dawa ya mafua iitwayo oseltamiviri. Lakini kati ya malighafi na dawa kuna hatua kadhaa za kikemia ambazo birika haliwezi kuzifanya.

Mjamzito asinywe chai hii. Ng'ombe wenye mimba kubwa wakila sindano za Pinus ponderosa hutoa mimba, na kinachosababisha kinajulikana: asidi ya isokupresi, ambayo imo pia kwenye Pinus contorta na baadhi ya saipresi. Ng'ombe hula kwa kilo na mtu hunywa kwa gramu, ni kweli, lakini hakuna faida katika kikombe hiki inayostahili kubahatisha. Mwenye mzio wa ulimbo au chavua ya msonobari naye apite mbali. Na mafuta ya msonobari yanayouzwa kwenye vichupa vidogo si njia ya mkato ya chai: ni mafuta matupu yaliyokolezwa, na kuyanywa ni hatari.

Kwa aliyechoshwa na chai kuna jaribio moja zaidi, nalo ni soda. Jaza nusu ya chupa ya plastiki kwa sindano changa zilizosuuzwa haraka tu, maana hamira ya asili inakaa juu yake. Ongeza maji yasiyo na klorini na vijiko vinne vikubwa vya sukari kwa lita, acha nafasi juu, funga, weka mahali penye joto. Baada ya siku mbili hadi nne vitaonekana viputo. Chupa iwe ya plastiki ili ukiibonyeza ujue shinikizo limefikia wapi. Ya kioo inaweza kupasuka. Legeza kifuniko kila siku. Ikiota ukungu, mwaga. Ikiwa safi, chuja, tia kwenye friji, unywe ndani ya siku chache, ukijua kwamba ina kilevi kidogo. Ukiiacha, hamira inaendelea kula sukari hata kwenye baridi, utamu unapungua kila siku, na mwishowe unabaki na kitu kinachoelekea siki.